Tuyafuate Maji

Miaka saba niliyokaa kwenye ofisi ya wabunifu majengo, mchoro ukishagongwa muhuri nilihesabu kazi imekwisha. Kisha nikahamia kwa mwendelezaji wa fleti, Dar es Salaam, kuratibu usanifu. Nikawekwa mezani kwa dada mmoja mzoefu ili nijifunze kwake.

Asubuhi ya kwanza alitandaza michoro mitatu ya ghorofa ya nne: wa mbunifu, wa mhandisi wa miundo na wa mhandisi wa mabomba. Kila mmoja ulikuwa sahihi. Akaweka rula juu ya choo kimoja. "Kaka, tuyafuate maji."

Tukayafuata. Bomba la choo, milimita 110, lilipaswa kwenda mita 6 hadi kwenye shimo la mabomba. Kwa mteremko wa 1 kwa 40, likifika huko limeshuka sentimita 15. Njiani kuna bimu yenye kina cha sentimita 50, jamvi likiwemo, na toka sakafu hadi sakafu ni mita 3 tu. Bomba likipita chini ya bimu, dari ya ghorofa ya tatu inashuka hadi karibu mita 2.2.

Na wa ghorofa ya tatu huenda si mpangaji. Tangu sheria ya 2008 iruhusu mtu kumiliki fleti moja kwa hati yake, bomba la wa ghorofa ya nne linaning'inia juu ya kitanda, ndani ya nyumba aliyoinunua wa ghorofa ya tatu. Nikiwa mbunifu sikuwahi kuliwaza hilo.

Mimi ningetoboa bimu. Yeye alimpigia kwanza mhandisi wa miundo. Tundu lingekuwa jirani kabisa na nguzo, pale bimu inapoelemewa zaidi. Mhandisi akakataa, naye hakubishana. Alirudi kwenye karatasi, akakaa nayo hadi adhuhuri, akipima, akifuta. Mwishowe akakihamishia choo kwenye ukuta wa pili, upande wa shimo: mita 2, mteremko sentimita 5, bimu haiguswi.

Hakuuchora mchoro mpya yeye mwenyewe. Alimpigia mbunifu, akamweleza tatizo, akamwachia choo chake akigeuze mwenyewe. Heshima hiyo ndiyo niliyoihusudu kuliko hesabu.

Siku hizi nikipita Kariakoo hulitazama soko lililosanifiwa na mbunifu majengo Beda Amuli, lililokamilika miaka ya 1970, na paa lake la faneli za zege zilizokusudiwa kukusanya maji ya mvua. Paa na mfereji ni kitu kimoja. Zamani nilisifia umbo. Sasa nawaza mazungumzo yaliyofanyika kabla zege halijamwagwa.

Miezi kadhaa baadaye tulipanda saiti. Fundi bomba aliweka pima maji juu ya lile bomba fupi. Kipovu kikasogea taratibu upande wa choo, kikatulia. Dada akainama, akakitazama kwa muda mrefu, kisha akamwomba fundi atuoneshe bafu la pili.