Kilio na Madhabahu: Santuri Tatu za Bluzi ya Mashambani

Mwanzoni mwa karne ya 20, Wakristo wengi weusi wa kusini mwa Marekani waliwafundisha watoto wao kwamba bluzi ni muziki wa Shetani. Gitaa lililopigwa Jumamosi usiku penye pombe halikupaswa kusikika Jumapili kanisani. Hukumu hiyo haikutolewa ovyo, kwa maana wachungaji waliyajua mauti na ndoa zilizovunjika katika mikesha hiyo. Hata hivyo, santuri tatu ninazozipenda kuliko nyingine zinatulazimisha kuuliza mpaka kati ya kilio cha dunia na sala ulipita wapi hasa. Nitazichunguza kwa kufuata hoja, si tarehe.

Ya kwanza ni “Preachin' the Blues” ya Son House, iliyorekodiwa mwaka 1930 huko Grafton, Wisconsin, na kujaza pande zote mbili za santuri. House alikuwa mhubiri wa Kibaptisti kabla hajashika gitaa. Katika wimbo huu anatangaza kwamba atajiunga na Wabaptisti awe mhubiri, ili asilazimike kufanya kazi. Msikilizaji wa haraka atasikia dhihaka tu. Lakini sauti haikubaliani na maneno. Anaimba kama mhubiri aliyefikia kilele cha mahubiri yake, na gitaa linamwitikia kama usharika. Mtu huyu anaidhihaki mimbari kwa sababu hawezi kuiacha, wala hawezi kusimama juu yake kwa dhamiri safi. Wimbo unakwisha bila mgogoro huo kutatuliwa. Hapo ndipo penye ukweli wake, na pia upungufu wake: maungamo yamefika mlangoni, lakini hayajampata wa kuyasikia.

Santuri ya pili haina budi kusikilizwa pamoja na ile iliyoitangulia. Mwaka 1929, mjini Memphis, Robert Wilkins alirekodi “That's No Way to Get Along”, malalamiko ya kijana aliyetendewa vibaya na wanawake, anayekusudia kurudi nyumbani kumweleza mama yake. Katika miaka ya 1930 Wilkins aliacha nyimbo za kidunia, na baadaye akawa mchungaji katika Church of God in Christ. Aliporekodi tena mwaka 1964, alilitumia gitaa la wimbo ule ule kusimulia mfano wa mwana mpotevu wa Luka 15. Wengine watasema aliusafisha wimbo wake. Mimi nasema aliukamilisha. Safari ya kurudi nyumbani ilikuwamo tangu 1929. Kilichokosekana ni baba anayekimbia kumlaki mwanawe.

Ya tatu ni “Dark Was the Night, Cold Was the Ground” ya Blind Willie Johnson, kipofu wa Texas, iliyorekodiwa Dallas tarehe 3 Desemba 1927. Nyimbo zote 30 alizorekodi kwa kampuni ya Columbia ni za dini, lakini gitaa lake ni gitaa la bluzi. Jina la wimbo huu latokana na wimbo wa kanisa wa karne ya 18, ulioandikwa na Mwingereza Thomas Haweis, kuhusu Bwana Yesu katika Gethsemane. Johnson hatamki hata neno moja la wimbo huo. Anaugua tu, na pale pumzi inapokwisha gitaa linaendelea badala yake. Mwaka 1977 wimbo huu uliwekwa katika santuri zilizopelekwa angani na vyombo viwili vya Voyager. Lakini mahali pake hasa ni chini kwenye udongo, pale Mwokozi alipoanguka kifudifudi.

Santuri hizi zafundisha nini? Kilio ni kile kile; kinachobadilika ni yule anayeliliwa. House hajui amlilie nani, Wilkins amemwona Baba, na Johnson analia pamoja na Mwana. Je, huku si kuibatiza bluzi bila ridhaa yake? Hapana. House tumwache alipo, maana Zaburi ya 88 nayo huishia gizani, na Kanisa halikuiondoa katika Maandiko.

Luther aliuweka muziki karibu kabisa na theolojia, na alifundisha kwamba theolojia ya msalaba huliita jambo kwa jina lake halisi. Lakini mara ngapi sisi wachungaji tumesimama kando ya kaburi na kuwahimiza wafiwa wanyamaze, tukikimbilia pambio la ushindi kabla udongo haujafukiwa? Paulo asema katika Warumi 8:26 kwamba Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikotamkika. Kipofu wa Texas aliliamini neno hilo kiasi cha kuacha maneno yote. Nasi, kabla ya kumfariji mjane, hatuna budi kwanza kujifunza kunyamaza na kumsikiliza akilia.