Gesi iguswe mwisho: sevisi ya kiyoyozi kabla ya kaskazi

Mafundi wa viyoyozi Dar es Salaam wana nafasi mwezi Novemba, mvua za vuli zikiwa bado zinanyesha. Kaskazi ikishakolea, kati ya Desemba na Machi, mchana unagonga nyuzi 32 na usiku joto hubaki karibu na 25. Hapo kila simu ya fundi inaita bila kupokelewa, na anayepokea anakuja akiwa na nyumba nyingine tatu zinamsubiri. Kazi ninayoichambua hapa ilifanywa Novemba, bila haraka, kwenye AC ya kawaida ya BTU 12,000, yenye boksi moja ndani na jingine nje, katika chumba cha kulala cha familia moja Upanga, si mbali na bahari.

Mama mwenye nyumba alikuwa na maelezo tayari: “Fundi, gesi imeisha. Mwaka jana iliisha, na mwaka juzi pia.” Dalili zilikuwa hewa hafifu, maji kudondoka ukutani, na barafu kwenye bomba baada ya saa kadhaa. Fundi aliitikia, “Sawa mama, tutaiangalia,” kisha akaacha geji za presha ndani ya mkoba. Alianza kwa vipimajoto viwili: kimoja mahali mashine inapovutia hewa ya chumba, kingine mdomoni inapotoka. Hewa iliingia ikiwa nyuzi 29 na kutoka ikiwa 23. Tofauti ya nyuzi 6 ni ndogo. AC yenye afya hushusha joto kwa nyuzi 8 hadi 12, kutegemea unyevu wa chumba.

Kuziacha geji mkobani ndiyo hatua iliyoamua kazi nzima, na ndiyo inayorukwa na mafundi wengi. Mzunguko wa gesi ndani ya kiyoyozi umefungwa. Kompresa inaibana gesi, boksi la nje linatoa joto lake mpaka igeuke kimiminika, inapita kwenye njia nyembamba, inachemka ndani ya koili ya boksi la ndani huku ikinyonya joto la chumba, kisha inarudi kwenye kompresa. Haichomwi wala haitumiki. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Kwa hiyo “gesi imeisha” miaka miwili mfululizo ni habari ya tundu ambalo hakuna aliyelitafuta, au ni habari isiyo ya kweli.

Geji nayo inaweza kumdanganya fundi mwenye nia njema kabisa. Chujio na koili ya ndani vikiziba kwa vumbi, hewa inayopita inakuwa kidogo, gesi inakosa joto la kunyonya, na presha ya upande wa kurudi inashuka. Geji inaonyesha presha ya chini kama ambavyo ingeonyesha gesi ikiwa pungufu. Fundi anaongeza gesi, namba inapanda, anaondoka. Kumbe mashine sasa imejazwa kupita kiasi, na uchafu uko palepale. Kinyume chake pia kipo: boksi la nje likiwa chafu, presha hupanda na upungufu wa kweli unajificha. Presha iliyosomwa kabla ya kusafisha haimwambii fundi kitu cha kuaminika.

Ipo njia ya kutofautisha hata bila geji. Gesi ikiwa pungufu, ule mrija mwembamba kwenye boksi la nje hushika barafu huku bomba nene likibaki kavu na la uvuguvugu. Tatizo likiwa ni hewa kutopita, bomba nene hutoka jasho na barafu inaweza kutambaa hadi karibu na kompresa. Hapa bomba nene ndilo lililokuwa na barafu.

Umeme ukazimwa kwenye swichi kuu. Machujio mawili yalitolewa na kuoshwa bafuni, kazi ambayo yeyote nyumbani anaweza kuifanya kila baada ya wiki chache. Uchafu mkubwa ulikuwa nyuma yake, kwenye feni ndefu ya boksi la ndani. Kila bawa lilikuwa limefunikwa utando wa vumbi na ukungu mweusi, na bawa lililojaa halishiki hewa hata feni izunguke kwa kasi yote. Fundi alifunga mfuko wa plastiki chini ya boksi kukinga maji, akafunika sehemu za umeme, akapulizia sabuni isiyo kali, akaacha uchafu ulegee, akasuuza taratibu. Maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya matope.

Bomba la kutolea maji lilikuwa limezibwa na ute wa kijani, ndiyo sababu ukuta ulilowa. Pwani jambo hili lina uzito zaidi kuliko Arusha au Nairobi, kwa sababu hewa yetu imebeba maji. AC ya ukubwa huu, katika usiku wa kaskazi, inaweza kuchuja zaidi ya lita moja ya maji kwa saa. Kugeuza lita moja ya mvuke kuwa maji kunadai mashine iondoe joto la karibu uniti 0.7 za umeme, wakati uwezo wake wote kwa saa ni uniti 3.5. Sehemu moja kati ya tano ya nguvu ya kupoza inakwenda kwenye unyevu kabla chumba hakijapoa hata nyuzi moja. Willis Carrier alipobuni mtambo wake wa kwanza mwaka 1902, kwa kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, shida iliyompeleka pale ilikuwa unyevu ulioharibu karatasi. Anayeishi Upanga, Kigamboni au Mombasa anaielewa shida hiyo vizuri kabisa.

Nje, adui ni chumvi. Upepo wa bahari unaiacha juu ya mapezi ya aluminiamu, na pale aluminiamu inapogusana na shaba kukiwa na chumvi na unyevu, metali inaliwa. Mapezi ya mashine hii yalikuwa yameanza kuwa meupe na kumeguka pembeni. Fundi aliuliza maji ya nyumba yanatoka wapi. Swali hilo lilinifurahisha, maana visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na kuosha koili kwa maji hayo ni kuiongezea ugonjwa. Alitumia maji ya bomba la mtaa, kwa presha ndogo. Wapo wanaotumia mashine ya kuoshea magari. Inalaza mapezi, na pezi lililolala haliruhusu hewa kupita, hivyo boksi linatoka linang'aa lakini linafanya kazi vibaya kuliko lilivyokuwa chafu.

Upande wa umeme ulikwenda haraka. Skrubu za nyaya zilikazwa. Kapasita, baada ya kuondolewa chaji yake kwa usalama, ilipimwa ikasoma maikrofaradi 27 wakati imeandikwa 35. Ikabadilishwa. Kapasita dhaifu inaifanya kompresa ihangaike kuwaka, ipate moto na kula ampea nyingi, na hatimaye kinachokufa ni kompresa, kifaa cha bei kubwa kuliko vyote mle ndani. Mama alishauriwa pia kuweka kilinda umeme kinachosubiri dakika 3 kabla ya kuruhusu mashine iwake, kwa sababu umeme unaokatika na kurudi papo hapo unaikuta kompresa ikiwa bado na presha ya upande mmoja.

Sasa geji zikatoka. Gesi ilikuwa R410A, ambayo katika mashine ya kompresa ya kasi moja hukaa karibu na psi 120 upande wa kurudi. R22 ya zamani ingekuwa karibu na 70, na kwenye inveta namba hiyo hubadilika na kasi ya kompresa. Baada ya usafi, presha ilisoma juu ya kiwango na ampea zilizidi zilizoandikwa kwenye bati la mashine. Ile gesi “iliyoisha” ilikuwa imezidi.

Fundi wa haraka angefungua vali na kupuliza ziada hewani. Huyu aliivuta yote ndani ya mtungi, na nadhani hapa ndipo ustadi wake ulipoonekana zaidi. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, hivyo kipimo chake cha uhakika ni uzito, tena inaingizwa ikiwa kimiminika. Isitoshe, kilo moja yake ikitoka huru inapasha anga joto kama kilo zaidi ya 2,000 za hewa ya ukaa. Ni kwa sababu ya gesi za jamii hii kwamba nchi zilikutana Kigali Oktoba 2016 na kukubaliana kupunguza matumizi yake. Aliupima mfumo wote kwa naitrojeni na povu la sabuni kwenye maungio, hakuna bubujiko lililoonekana, akaendesha pampu ya vakyumu mpaka mikroni 500, kisha akarudisha gesi juu ya mizani, gramu kwa gramu, kama bati linavyoelekeza.

Kipimajoto cha mdomoni kilisoma nyuzi 18, hewa ya chumba ikiwa bado 29. Tofauti ya nyuzi 11.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya chumba. Tundu la ukutani linalopitisha mabomba lilikuwa wazi upana wa vidole viwili, likazibwa. Dirisha lilikuwa la vioo vya luva, vinavyofaa sana kwa nyumba inayotegemea upepo, lakini hata vikifungwa vinapitisha hewa yenye unyevu usiku kucha, na mashine inachuja maji ya bahari nzima. Fundi alimwambia mama aweke dirisha la kusukuma lenye mpira pembeni kwenye chumba hicho kimoja, pazia zito upande wa magharibi, na rimoti isishuke chini ya 25. Kabla ya kuondoka aliandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko cha boksi la nje tarehe, uzito wa gesi, ampea, na nyuzi za kuingia na kutoka, ili fundi atakayekuja Novemba ijayo awe na namba za kulinganisha na zake.