Viyeyushi vya Dukani na Heshima ya Mkemia wa Ridhaa

Kemia huanza pale mtu anapotaka kutenganisha kitu na kingine kilichoshikamana nacho, na katika kazi hiyo nyenzo kuu, pamoja na moto, ni kiyeyushi, yaani kimiminika chenye uwezo wa kupokea kitu kingine ndani yake hadi viwili hivyo vikawa mchanganyiko mmoja usioonyesha mpaka, kama maji yanavyopokea chumvi na mafuta ya taa yanavyopokea grisi. Katika miji ya Mbeya na Iringa, kwenye nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, viyeyushi vimejaa, ingawa ni nadra kuuzwa kwa jina hilo: dawa ya kutolea rangi ya kucha iko kwa wauza vipodozi wa Mwanjelwa, spiriti iko katika maduka ya dawa ya Miyomboni, thina na tapentaini ziko kwa wauza rangi za nyumba, na mafuta ya taa hupimwa kwa lita vituoni. Mnunuzi wa kawaida huona hapo bidhaa za shughuli mbalimbali zisizohusiana, ilhali mkemia wa ridhaa, yaani mtu anayefanya kemia kwa kuipenda na bila maabara ya kuajiriwa, huona rafu moja ya maabara iliyotawanywa mjini. Insha hii inamsifu mtu huyo, na inashikilia kwamba kazi yake ya kutambua, kupima na kusafisha kinachouzwa dukani ndicho kiini chenyewe cha kemia, wala haistahili kuhesabiwa kuwa mbadala wa kimaskini wa kemia ya kweli.

Thamani ya ufundi huu huonekana zaidi katika sekondari za kata. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, uliojulikana kama MMES na kuanza mwaka 2004, uliongeza shule kwa kasi kubwa, na ilipofika mwaka 2014 wananchi nchini kote walikuwa wakichangia fedha, mchanga na matofali ili kila shule ya kata iwe na vyumba vitatu vya maabara, kwa ajili ya fizikia, kemia na biolojia. Jengo likishasimama hudumu miaka mingi, lakini kemikali huisha muhula kwa muhula, na mwalimu wa Kilolo, Mufindi, Chunya au Rungwe anayesubiri chupa ya asetoni kutoka kwa wauzaji wa Dar es Salaam huweza kumaliza mada nzima ubaoni kabla chupa hiyo haijafika. Mwalimu anayejua kwamba asetoni imo katika dawa ya kutolea rangi ya kucha, na anayejua namna ya kuthibitisha kwamba kweli imo, hahitaji kusubiri.

Mwalimu wa namna hiyo ana watangulizi wa kuheshimika. Mwaka 1856 William Perkin, kijana wa miaka 18, aligundua rangi ya kwanza ya viwandani iliyotengenezwa na binadamu akiwa katika maabara duni aliyoiweka nyumbani kwao London, na aligundua umuhimu wa alichokipata pale alipotumia spiriti kuosha uchafu mweusi uliobaki katika chupa akaona unageuka zambarau. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, shule nyingi za Ulaya na Asia zikiwa zimebomolewa, kiliandikwa mwaka 1948 kijitabu cha mapendekezo kwa walimu wa sayansi katika nchi zilizoharibiwa na vita, na kutokana nacho UNESCO ikatoa mwaka 1956 mwongozo mkubwa wa kufundishia sayansi kwa vifaa vya kawaida, uliosambaa duniani. Kutumia kilichopo, basi, ni mapokeo yenye historia ndani ya sayansi yenyewe, na mwalimu wa nyanda za juu anapoyaendeleza anaingia katika safu ya watu walioijenga fani hiyo.

Hatua ya kwanza ya ufundi huu ni kutambua. Lebo ya chupa ya kutolea rangi ya kucha mara nyingi haisemi mengi, na yaliyomo hutofautiana: chupa moja huweza kuwa na asetoni, nyingine ethili asetati, ambayo ni kiyeyushi cha jamii tofauti chenye harufu tamu inayokaribia ya matunda, na zote mbili huweza kuwa na maji, manukato na mafuta kidogo ya kulainisha kucha. Mkemia wa ridhaa hatosheki na harufu. Hudondosha matone machache juu ya kipande cha povu jeupe linalofungiwa televisheni mpya, naye akiona povu linanywea na kuwa utelezi hujua kwamba mkononi mwake mna kiyeyushi chenye nguvu juu ya plastiki hiyo, kwa kuwa spiriti huliacha povu hilo lilivyo. Kisha huchanganya sehemu sawa za kimiminika hicho na maji katika chupa nyembamba, akatikisa na kusubiri: asetoni huchanganyika na maji kwa kiasi chochote kile, ilhali ethili asetati huingia kidogo tu na sehemu kubwa yake hupanda juu ikafanya tabaka lake. Kwa majaribio haya mawili yasiyodai kifaa chochote cha gharama, kitu kisichojulikana kimepewa jina kwa ushahidi, na mwanafunzi aliyeyashuhudia ameona jinsi jina la kikemia linavyopatikana: kwa kuuliza kitu maswali ambayo kila kiyeyushi hulazimika kuyajibu kwa tabia yake.

Hatua ya pili ni kusafisha, na hapa nyanda za juu zina mali isiyopewa uzito wake. Spiriti ya dukani kwa kawaida ni ethanoli, yaani kileo, iliyochanganywa na maji na vitu vya kuifanya isinyweke. Kuondoa sehemu ya maji hayo hakuhitaji chumvi za kuagizwa kutoka nje, kwa sababu majivu ya jikoni, hasa ya mabua na ya magunzi ya mahindi, yana potasiamu kaboneti kwa wingi, ambayo ni chumvi inayoyeyuka vizuri katika maji na isiyoyeyuka katika ethanoli. Majivu huloweshwa, maji yake huchujwa kwa kitambaa, yakachemshwa hadi yakauke na kuacha chumvi ya kijivujivu inayovuta unyevu wa hewani kwa nguvu. Chumvi hiyo ikitiwa kwa wingi ndani ya spiriti na chupa ikatikiswa, maji huifuata chumvi chini, na ethanoli iliyoachwa huelea juu ikiwa na mstari wazi kati yake na maji. Kimiminika kilichoonekana kuwa kimoja kimegeuka kuwa viwili mbele ya macho ya darasa, na kilichofanya kazi hiyo ni majivu ambayo kwa kawaida yangemwagwa shambani. Ni vigumu kupata jaribio linaloeleza kwa ufasaha zaidi kwamba kuyeyuka ni suala la upendeleo, kwamba molekuli za maji huvutwa na chumvi kuliko zinavyovutwa na kileo, na kwamba mkemia ni mtu anayejua kuutumia upendeleo huo.

Mwinuko wa nchi nao ni mwalimu. Vitabu vinasema maji huchemka kwa nyuzijoto 100 za Selsiasi, ethanoli kwa 78 na asetoni kwa 56, lakini takwimu hizo ni za usawa wa bahari, mahali ambapo hewa hugandamiza uso wa kimiminika kwa uzito wake wote. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na kwa hiyo maji huchemka huko karibu na nyuzi 94, ethanoli karibu na 73 na asetoni karibu na 50. Mwanafunzi anayetumbukiza kipimajoto katika mrija wenye asetoni ulioketishwa ndani ya maji moto yaliyoepuliwa mbali na jiko, akaona kimiminika kinatokota kabla ya kufikia namba ya kitabuni, anakabiliwa na uamuzi ambao kila mwanasayansi hukutana nao: ama kitabu kimekosea, ama kimiminika si safi, ama kuna jambo la mahali ambalo halijahesabiwa. Mwalimu mzuri hamwambii jibu haraka. Huwaachia wanafunzi wapime kwanza maji ya kawaida, waone nayo yamepungukiwa nyuzi takriban 6, ndipo wafikie wenyewe hitimisho kuhusu hewa ya milima wanamoishi.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo inayoleta furaha kubwa, ni kukamua kutoka katika mmea kitu kilichofichwa ndani yake, na katika jambo hili Mbeya na Iringa ni nchi tajiri. Maua ya pareto yanayolimwa katika miinuko yenye baridi na kupelekwa kiwandani Mafinga yana sumu ya wadudu iitwayo pairethrini, kwa kiasi cha takriban asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa ua lililokauka. Sumu hiyo haipendi maji ila huyeyuka kwa urahisi katika mafuta, ndiyo maana viwanda huikamua kwa heksani, ambayo ni kiyeyushi jamaa wa petroli, na ndiyo maana unga wa pareto ukiloweshwa siku moja katika mafuta ya taa hutoa kimiminika kinachoangusha inzi, hali unga uo huo ukiloweshwa majini hutoa kidogo sana. Anayefanya majaribio hayo mawili sambamba ameelewa kanuni inayoongoza uchumi wa wakulima wengi wa eneo lake, na akiacha sehemu ya kimiminika juani na nyingine gizani ataelewa pia kwa nini wakulima huhimizwa kulinda mavuno yao, kwa kuwa mwanga huivunja pairethrini.

Majani ya kijani hutoa somo jingine. Mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tsvet, alipitisha mwanzoni mwa karne ya 20 rangi za majani zilizoyeyushwa katika kiyeyushi cha jamii ya petroli ndani ya mrija uliojazwa unga wa kalsiamu kaboneti, akaona kijani kimoja kikigawanyika kuwa mikanda ya kijani na ya njano, na njia hiyo ya kutenganisha vitu kwa kuvisafirisha juu ya kitu kigumu, iitwayo kromatografia, ikawa miongoni mwa nguzo za maabara zote za leo. Mchicha uliopondwa, asetoni ya dukani na kipande cha chaki ya ubaoni kilichosimamishwa wima ndani yake vinatosha kuonyesha jambo lile lile shuleni Tukuyu au Mafinga. Kwa upande mwingine, katika msitu wa Sao Hill wilayani Mufindi, wenye zaidi ya hekta laki moja, utomvu wa misonobari umeanza kugemwa, nao ukikenekwa, yaani ukichemshwa na mvuke wake ukapozwa kuwa kimiminika tena, hutoa tapentaini, na kinachobaki ni rosini inayotumika katika kulehemu nyaya. Kumbe hata kopo la tapentaini la muuza rangi lina ukoo wake katika miti ambayo mtoto wa Mufindi huipita akienda shule.

Sifa hizi zote hazikamiliki bila kutaja nidhamu, kwa sababu viyeyushi hivi huwaka, na mvuke wake, ambao ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa lililo mbali. Mkemia wa ridhaa anayestahili jina hilo hufanya kazi kwa kiasi kidogo, madirisha yakiwa wazi, bila moto karibu, na haivuti kwa makusudi harufu ya thina wala gundi, ambazo huwa na tolueni inayodhuru ubongo. Anajua pia kwamba spiriti ikikenekwa rangi yake hubaki chini na kimiminika kinachotoka huonekana safi kama maji ya chemchemi, lakini methanoli iliyotiwa ndani yake, ambayo ni sumu inayopofusha na kuua, hutoka pamoja na kileo, hivyo weupe wa kimiminika si ushahidi wa usalama hata kidogo. Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, imejengwa juu ya ukweli huo huo, na mwalimu anayewafundisha wanafunzi wake kuweka lebo kila chupa na kutowahi kuhifadhi kiyeyushi katika chupa ya soda anaitekeleza sheria hiyo darasani.

Ufundi huu una faida ya kiraia pia. Taifa linakumbuka miaka ambayo uchakachuaji, yaani kuchanganya dizeli na mafuta ya taa ili kujipatia faida, ulikithiri hadi mafuta yakaanza kuwekewa vinasaba, yaani kemikali za kuyatambulisha, mwaka 2010, na kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa katika bajeti ya 2011/12 ili kuondoa kishawishi hicho, jambo lililowapa mzigo waliokuwa wakiyategemea kwa mwanga na kupikia. Madhara yale yalitokana na udanganyifu ambao macho hayawezi kuugundua, kwa sababu vimiminika hivyo viwili huchanganyika bila alama, ingawa hutofautiana kwa densiti, yaani uzito wa ujazo ulio sawa. Raia aliyejifunza shuleni kupima densiti kwa mrija na udongo wa mfinyanzi hawezi kuchukua nafasi ya mkaguzi, lakini anajua kwamba swali la usafi lina jibu linalopimika, na hiyo ni elimu inayomlinda mnunuzi wa mafuta, wa dawa na wa mbolea.

Kwa sababu hizo, vyuo vinavyowaandaa walimu na mafundi wa eneo hili, kikiwemo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kilichopo Iringa na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, vina sababu nzuri ya kuufundisha ufundi wa viyeyushi vya dukani kama somo lenye hadhi, pamoja na vipimo vyake, hesabu zake na tahadhari zake. Anayepewa chupa iliyoandikwa kuwa safi huupokea usafi huo kwa imani, lakini aliyeichukua spiriti ya duka la dawa, akaitambua kwa majaribio, akaipunguzia maji kwa majivu ya magunzi na akaipima joto la kuchemka kwa kuhesabu mwinuko wa mji wake, anajua usafi ni nini, unapatikana kwa kazi gani na unaishia wapi. Maarifa hayo hayaishi muhula unapokwisha, na siku kemikali za kuagizwa zitakapowafikia watu wa namna hiyo, watazitumia wakijua kila lebo inadai nini na dai hilo linathibitishwaje.