Thamani na Bei: Uhakiki Mfupi wa Hoja ya Marx

Kila tunapowapa wanafunzi wetu matini za uchumi wazifasiri, maneno mawili huchanganywa: thamani na bei. Mchanganyiko huo huua hoja yenyewe. Mwaka 1865, mjini London, Karl Marx alimjibu seremala John Weston, aliyedai kuwa kuongeza mishahara ni bure kwa sababu bei nazo zitapanda. Marx alishikilia kwamba thamani ya bidhaa hutokana na muda wa kazi ambao jamii huuhitaji kwa kawaida ili kuizalisha, ilhali bei hupanda na kushuka kuizunguka thamani hiyo. Kwa hiyo mshahara ukipanda, kinachopungua ni faida ya tajiri. Mfasiri akiandika "bei" mahali pa "thamani", anamfanya Marx aseme maneno ya Weston!

Hata hivyo, hoja hii ina pengo. Mwaka 1896 Eugen von Böhm-Bawerk alisema kwamba juzuu ya tatu ya Das Kapital (1894) inaipinga ile ya kwanza, kwani inakiri kuwa bidhaa kwa kawaida haziuzwi kwa thamani zake. Kwa maoni yetu pingamizi hilo ni zito. Watetezi hujibu kwamba jumla ya bei zote hulingana na jumla ya thamani. Sawa, lakini mkulima wa kahawa anauliza bei ya kilo yake, si jumla.