Takhmisa za Dansi: Sauti ya Loleatta Holloway Mikononi mwa Madijei

Rimiksi ilizaliwa kisiwani. Sisi watu wa visiwani ingefaa tulijue hilo, japo kisiwa chenyewe hakifanani na chetu ila kwa mchanga na bahari. Fire Island ni ukanda mwembamba uliolala mbele ya Long Island, si mbali na jiji la New York, na watu wa jijini huvuka kwenda huko wakati wa kiangazi kukimbia joto. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Tom Moulton, mwanamitindo aliyewahi kufanya kazi katika biashara ya santuri, aliwatazama wachezaji wa huko akaiona kero yao. Wimbo ulikuwa wa dakika tatu. Watu wakianza tu kupandwa na mori, wimbo umekwisha, mwingine umeingia kwa mdundo usiolingana, na ukumbi umepwaya. Moulton akarudi nyumbani, akaunga nyimbo katika utepe wa dakika 45, wimbo mmoja ukizama ndani ya mwenzake pasi na mshono kuonekana. Kwa masimulizi yake mwenyewe, kazi hiyo ilimchukua saa 80. Wajamaika watadai kwamba wao walitangulia, kwa zile santuri zao zilizotolewa maneno zikaachwa besi na ngoma, na madai yao yana haki. Lakini Jamaika nayo ni kisiwa, kwa hiyo kauli yangu inasimama.

Nimelitumia neno rimiksi kwa kuwa ndilo lililozoeleka. Washairi wa Kiswahili, hata hivyo, wana neno kongwe zaidi kwa kazi ya namna hii. Takhmisa ni utungo wa mtu juu ya utungo wa mtu. Mshairi wa pili huuchukua ubeti wa mwenzake wenye vipande viwili, akautangulizia vitatu vyake, vikawa vitano; na vile vitatu sharti vifuate kina cha kipande cha kwanza cha mwenye shairi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mwenye Inkishafi, ndiye anayenasibishwa na takhmisa mashuhuri ya wimbo wa Liyongo. Itazame adabu iliyomo. Mgeni ndiye anayeanza kusema, tena husema zaidi kuliko mwenyeji, lakini kina ni cha mwenyeji na neno la mwisho la kila ubeti ni lake. Wala jina lake halifutwi: hata leo utungo ule twauita kwa jina la Liyongo, hatuuiti kwa jina la Sayyid.

Kwa kipimo hicho nataka kuzitazama santuri tatu zenye sauti moja. Sauti ni ya Loleatta Holloway, aliyezaliwa Chicago mwaka 1946, akalelewa katika nyimbo za kanisani, akaimba na kundi la injili la The Caravans kabla ya kuingia katika muziki wa kidunia. Alifariki mwaka 2011. Mamilioni ya watu wamecheza kwa sauti yake bila kumjua, na hilo ndilo linalonishughulisha hapa.

Kwanza niseme kidogo juu ya chombo chenyewe, maana bila chombo hapana hoja. Santuri ya inchi 7 haikuwa na nafasi kwa wimbo mrefu, na ukiulazimisha sauti hufifia. Katikati ya miaka ya 1970 Moulton alikwenda kuchongewa wimbo wake, sahani za inchi 7 zikawa hazipo, na fundi José Rodríguez akauchonga kwenye sahani kubwa zaidi. Mifereji ilipotanuliwa ili isijikunyate katikati ya sahani, sauti ikatoka nzito, besi imejaa kama ngoma ya msondo iliyotoka motoni. Ikafuata inchi 12. Mwaka 1976 kampuni ya Salsoul ya New York ikauza santuri ya kwanza ya ukubwa huo iliyowekwa dukani kwa ajili ya wanunuzi wa kawaida: wimbo “Ten Percent” wa kundi la Double Exposure, uliorefushwa na kijana Walter Gibbons, dijei wa klabu ya Galaxy 21, hadi ukakaribia dakika 10.

Urefu huo ulikuwa na gharama yake, na gharama ililipwa na mwimbaji. Mwaka 1975 Moulton alizifanya nyimbo tatu za Gloria Gaynor kuwa upande mmoja wa santuri usiokatika. Amesimulia kwamba Gaynor alipousikia alilalamika kuwa yeye mwenyewe haimbi sana humo. Ndiyo hofu yenyewe! Mgeni kaongeza vipande, mwenyeji kapungukiwa na nafasi nyumbani kwake.

Hapo ndipo “Hit and Run” ya Holloway, iliyorimiksiwa na Gibbons mwaka 1977, inapotatiza kipimo changu, na kwa sababu hiyo naiona kuwa ndiyo kubwa kuliko zote. Gibbons alipewa tepe za asili zenye njia nyingi, yaani kila ala imelala peke yake katika njia yake na yaweza kuamshwa au kulazwa bila kuzigusa nyingine. Madijei hawakuwa wakipewa tepe hizo. Kabla ya hapo walikata na kuunga wimbo uliokwisha kupikwa, mithili ya mfasiri asiyekuwa na matini asilia akafasiri tafsiri. Gibbons alipoufungua wimbo huo, uliokuwa umepambwa kwa fidla na tarumbeta za Philadelphia chini ya prodyuza Norman Harris, alifanya jambo ambalo mwenye takhmisa haruhusiwi: alipunguza. Fidla akazilaza. Sehemu kubwa ya beti zilizoandikwa akaitupa. Akatandika ngoma na besi, kisha akaipa nafasi ile sehemu ya mwishoni ambapo Holloway ameyamaliza maneno ya karatasini na sasa anaomba, anakemea, anacheka na kuguna, kama alivyojifunza kanisani. Santuri ikafika dakika 11.

Je, aliuharibu utungo? Mshairi ndani yangu husema ndiyo, kwa kuwa beti ni beti na aliyezitunga hakuulizwa. Lakini mfasiri ndani yangu hukataa. Beti zile, tukiwa wakweli, zilikuwa za kawaida, na mtu yeyote mwenye sauti safi angeziimba. Kilichobaki baada ya Gibbons hakiwezi kuimbwa na mwingine. Alichokiongeza ni kimya na nafasi, na kwenye nafasi hiyo Holloway alizidi kuwa Holloway. Kwa hiyo nimelazimika kukisahihisha kipimo changu: si idadi ya vipande vilivyobaki inayoamua, bali ni nani tunayemsikia zaidi kazi inapokwisha. Na jina lake limeandikwa juu ya santuri.

Miaka mitatu baadaye ikaja “Love Sensation,” iliyotungwa na kusimamiwa na Dan Hartman mwaka 1980, na kuchanganywa na yuleyule Moulton. Katika mahojiano, Holloway alieleza kwamba Hartman alimwimbisha mara nyingi mno, mpaka sauti ikaanza kumtoka. Ukisikiliza kwa makini utakuta mkwaruzo katika zile sauti za juu, mahali ambapo koo limechoka nayo nia haijachoka. Mkwaruzo huo hauandikiki kwa nota. Ni jasho la mtu mmoja siku moja.

Sasa tuhamie kisiwa kingine. Ibiza, katika Bahari ya Mediterania, ilikuwa na klabu iitwayo Amnesia ambayo katika miaka ya 1980 ilichezewa chini ya anga tupu. Dijei wake, Alfredo Fiorito, alikuwa Mwajentina aliyeukimbia utawala wa kijeshi wa nchi yake. Alifariki mwaka 2024. Alipiga hadi alfajiri, akichanganya hausi ya Chicago na nyimbo za kila aina bila kuuliza pasi ya mtu. Kiangazi cha 1987 wakaja vijana wa Kiingereza, Paul Oakenfold na Danny Rampling miongoni mwao, wakaondoka na usiku ule vifuani, wakaupanda London. (Mgeni njoo, mwenyeji apone, ila mara hii mgeni ndiye aliyeondoka na mtaji.) Kufikia kiangazi cha 1989 Uingereza ilikuwa na njaa ya muziki huo, na mlishaji akatokea Italia.

“Ride on Time” ya Black Box ilikaa wiki sita katika nafasi ya kwanza nchini Uingereza, ikawa santuri ya wimbo mmoja iliyouzwa kuliko zote mwaka huo. Waitaliano watatu walikuwa wameinyofoa sauti ya Holloway kutoka katika “Love Sensation” kwa sampla, ile mashine inayomeza kipande cha sauti na kukitema popote utakapo, wakaipachika juu ya piano na mdundo wao. Jina la wimbo lenyewe ni kosa la sikio: Mmarekani aliimba right, Waitaliano wakasikia ride. Ni kosa la kuchekesha, na sisi wafasiri tumewahi kuyaona ya kwetu. Lisilochekesha ni kwamba kwenye televisheni mdomo uliofunguka ulikuwa wa mwanamitindo Katrin Quinol, naye Holloway hakutajwa. Mzozo wa kisheria ukafuata, ukaishia kwenye makubaliano ya malipo, na toleo lingine likatolewa lililoimbwa upya na Heather Small. Small ni mwimbaji hodari. Hata hivyo ule mkwaruzo haumo, na wimbo umegeuka sanamu la nta.

Nakiri kwamba piano ya “Ride on Time” hunyanyua hata mtu mzima kitini. Lakini kwa kipimo cha takhmisa, hapa mgeni ameyachukua maneno ya mwenyeji, akamvisha mtu mwingine kanzu ya mwenyeji, akamtoa barazani kupokea heshima. Katika taarab yetu, anayeguswa na ubeti huinuka, akaenda hadi mbele, akamtunza mwimbaji noti mkononi, kila mtu akiona. Mcheza kwao hutuzwa. Holloway aliimba, lakini palipochezwa hapakuwa kwake, na waliotaka kumtuza hawakujua waelekee wapi. Wala tusijifanye tumetakasika. Ni mara ngapi mwimbaji wetu hutunzwa ilhali mtunzi wa shairi amekaa nyuma ya ukumbi, hata mshereheshaji hajalitaja jina lake?

Watetezi wa madijei husema kwamba lau si sampla, sauti ya Holloway ingeoza ghalani. Hoja hii ina chembe ya kweli, lakini inajibiwa na mwaka 1991. Marky Mark and the Funky Bunch waliichukua “Love Sensation” hiyohiyo kwa wimbo wao “Good Vibrations.” Jina la Holloway likaandikwa, uso wake ukaonekana katika filamu ya wimbo, na wimbo ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Kumtaja hakukuwapunguzia wachezaji hata hatua moja. Kwa ubora wa muziki wimbo huu naushusha chini ya ule wa Waitaliano; kwa adabu naupandisha juu.

Yaliyomkuta Holloway yalimkuta Martha Wash pia. Sauti yake ilitumika katika nyimbo nyingine za Black Box na katika “Gonna Make You Sweat” ya C+C Music Factory ya mwaka 1990, huku wanawake wembamba kuliko yeye wakifungua midomo kwenye picha. Alikwenda mahakamani, na mashauri yake yanahesabiwa kuwa ndiyo yaliyoyalazimisha makampuni ya Marekani kuandika majina ya waimbaji. Mwaka 1998 tuzo ya Grammy ikaanza kutolewa kwa warekebishaji wa nyimbo, na wa kwanza kuipata akawa Frankie Knuckles wa Chicago. Aliistahiki. Lakini mpangilio wa mambo unashangaza: mwenye kutia vipande vitatu alitengewa kiti cha heshima miaka michache tu baada ya mwenye vipande viwili kulazimika kushitaki ili ajulikane yupo.

Anayetaka kuupima ubishi huu kwa sikio lake, na aanze na “Hit and Run” ya Gibbons, dakika zote 11, bila kuruka. Kisha “Love Sensation.” “Ride on Time” aiweke mwisho, ile sauti ikipasuka juu ya piano atakuwa ameshamjua mwenyewe.