Wimbo Uliowaponza Chenene wa Florida

Chenene wakichimba usiku kwenye kiwanja cha gofu, asubuhi mpira hauendi unakotumwa. Udongo umetutumka, mizizi imekatika, jua likiwaka nyasi zinakauka mabaka mabaka. Huko Florida, Marekani, wasumbufu wakubwa ni chenene wageni waliotoka Amerika Kusini zaidi ya miaka 100 iliyopita. Inaaminika waliletwa na meli, ndani ya udongo wa farumi. Maadui zao walibaki kwao.

Kwa miaka mingi klodeni ndiyo iliyowazuia. Sumu hiyo hudumu ardhini mno, sifa iliyowafurahisha watunza viwanja na ndiyo hiyo iliyoiponza ikapigwa marufuku. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Florida kikaanza kuwasaka wale maadui.

Mimi navutiwa zaidi na walivyohesabu. Dume la chenene huimba mlangoni pa shimo lake kuwaita majike. Thomas Walker na wenzake wa chuo hicho walitumia kifaa cha umeme kilichoiga mlio huo, chini yake mtego. Chenene wakaja wakiruka, wakatumbukia. Bila hesabu ile ya miaka na miaka, kila mtu angejisifia dawa yake apendavyo.

Miongoni mwa maadui waliopatikana, inzi Ormia depleta kutoka Brazili naye huusikia wimbo huohuo, akaacha funza wake pale pale kwa mwimbaji. Minyoo ya Steinernema scapterisci, isiyoonekana kwa macho, ilitoka Uruguay. Humwingia chenene na bakteria wake wakamuua. Lakini fundi hasa ni nyigu, Larra bicolor. Humfurusha chenene shimoni, humdunga akafa ganzi kwa dakika chache, kisha humbandika yai tumboni. Chenene huzinduka, akarudi ardhini akiwa amembeba mlaji wake. Nyigu mwenyewe hunywa nekta, hivyo kiwanja kisicho na maua pembeni hakimpati.

Karibu na mji wa Gainesville, baada ya maadui hao kuachiliwa, mitego ilionyesha chenene wamepungua kwa takriban asilimia 95.

Gofu, hata hivyo, haivumilii hata baka moja, na dawa bado hunyunyizwa. Wakati wake ni Juni na Julai, watoto wa chenene wakiwa wadogo. Kabla ya kununua, changanya vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na lita 7 au 8 za maji, mwaga juu ya nyasi, subiri dakika tatu. Wasipotoka, dawa iache dukani.