Mrithi wa Harry Caul: Shaka, Mkazo na Viambishi

Mwanafunzi wa filamu anayemuumba mhusika wake kwa mfano wa Harry Caul hushawishika kuchukua yaliyo dhahiri: koti la mvua, kinasa-sauti, mlango wenye kufuli nyingi. Matokeo yake ni mhusika anayeogopa bila ya sababu. Caul, aliyeigizwa na Gene Hackman katika The Conversation (1974) ya Francis Ford Coppola, ana sababu mbili.

Ya kwanza ni dhamiri. Kazi yake ya zamani ya kunasa maneno ya watu ilifuatwa na vifo vya watu watatu. Ya pili ni lugha. Katika uwanja wa Union Square, San Francisco, ananasa mazungumzo ya mwanamume na mwanamke, na sentensi moja inamfanya aamini kuwa wawili hao watauawa na mume wa mwanamke huyo. Mwishoni sentensi ile ile inasikika tena, mkazo ukiwa umehamia neno jingine, na mume ndiye aliyeuawa. Caul aliyapata maneno yote. Kilichompotea ni mkazo.

Coppola naye alikuwa mrithi. Alikiri kuathiriwa na Blow-Up (1966) ya Michelangelo Antonioni, ambamo mpigapicha wa London anagundua dalili za mauaji katika picha zake. Hata hivyo hakunakili: aliihamisha shaka kutoka jichoni hadi sikioni.

Mwanafunzi atakayemleta Caul katika Kiswahili hana budi kufanya uhamisho wake pia, kwani hila ya mkazo haihamishiki. Katika "angetuua", kiambishi -tu- kimezama ndani ya kitenzi, na mkazo hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Anayetaka kumsisitiza mtendwa huongeza "sisi", na siri hufichuka.

Lakini Kiswahili kina kificho chake. "Atamuua", ikisikika bila ya muktadha, haielezi kama muuaji ni mume au mke, wala atakayeuawa ni yupi. Msikilizaji wa siri huzijaza nafasi hizo kwa hofu yake mwenyewe.

Caul anaishia kubomoa nyumba yake akitafuta chombo kinachomsikiliza, asikione. Mrithi wake wa Kiswahili aweza kubomoa vivyo hivyo, ilhali kilichomponza ni viambishi viwili.